Jina Langu kwa Penseli

Arua, Jumanne, siku tano kabla ya Pasaka. Miaka arobaini na sita tangu nitoke nyumbani Dranya, ukiondoa saa mbili za Jumamosi iliyopita, ambazo bado sijui niziandike upande gani.

Mvua imetishia tangu asubuhi na haijanyesha. Mawingu yamerundikana upande wa Kongo, meusi, na huku kwetu bati linalia kwa joto. Jirani yangu ametoa masufuria nje ili akinge maji, ameyarudisha ndani, ametoa tena. Mimi nimekaa mezani na Biblia iliyofungwa.

Nimekasirika. Nimeliandika hapa juu ili mtu asilitafute chini.

Nimelikasirikia kanisa, nimewakasirikia wazee wa ukoo wetu, nimemkasirikia mdogo wangu, na nimeikasirikia saruji. Nimemkasirikia Mungu pia, ambaye kwa miaka mingi sikumkasirikia kwa sababu sikuamini kwamba yupo. Hiyo nayo, nadhani, ni hatua.

Wasomaji wachache wa blogu hii wananijua kama mzee wa vitabu, kwa hiyo inanipasa kueleza nilivyofika hapa. Miaka ishirini na saba nilifanya kazi ya kusahihisha kurasa katika kiwanda cha uchapaji huko Nairobi. Vitabu vya shule, kalenda, ripoti, kadi za harusi. Biblia pia. Niliisoma yote mara tatu, tangu aya ya kwanza hadi ya mwisho, kalamu nyekundu mkononi. Ukiniuliza niliona nini humo, nitakujibu ukweli: niliona nukta iliyokosekana, herufi iliyorudiwa, namba ya sura iliyorukwa. Mtu anaweza kupita nyumba nzima akihesabu misumari, asimsalimu mwenye nyumba.

Sikuwa nimebatizwa. Baba yetu alikuwa askari. Tulizaliwa kambini tukahamishwa kambi hadi kambi, na kila mama alipompata padre wa kunibatiza, amri ya kuhama ilifika kabla ya Jumapili. Mdogo wangu Lomoro alibahatika, kwake Jumapili ilitangulia. Mimi nilikua hivyo hivyo, na baadaye, nilipokuwa nimesoma kidogo, nikaanza kujivunia jambo ambalo lilikuwa ni ajali tu ya ratiba ya jeshi.

Mwaka jana nililazwa hospitalini hapa Arua kwa upasuaji wa henia. Kitanda cha pili alilala mkulima mmoja mzee kutoka Lurujo, macho yote mawili yamefungwa bendeji. Chini ya mto wake palikuwa na Biblia ambayo hakuweza kuiona.

"Wewe pale," aliniambia siku ya pili kwa Kiswahili cha huku kwetu, "wewe najua kusoma?"

Nikasema najua.

"Basi soma. Mimi nachoka kusikia watu nakohoa tu."

Nilisoma pale kitabu kilipofunguka chenyewe: habari ya baba mwenye wana wawili, mdogo akachukua fungu lake akaenda zake mbali. Nilisoma kwa sauti ya kazini, sawasawa, bila kupanda wala kushuka. Nilipofika mahali baba anapomwona mwanawe akiwa bado yuko mbali, mzee akainua mkono.

"Simama. Mzee nafanya nini?"

"Anakimbia."

"Mzee muzima? Nakimbia kwa barabara?" Akaanza kucheka. "Na kanzu? Nashika kanzu kwa mukono? Watu yote naona muguu yake!"

Alicheka mpaka nesi akaja. Kisha ghafla bendeji zikaanza kulowa, na nesi akamgombeza kwa sababu hakutakiwa kulia. Nesi alipoondoka akaninong'oneza, "Rudia pale." Nilirudia. Kwa juma lile nililolala pale nilirudia mara nne.

Neno lile nilikuwa nimelisahihisha mara tatu. Sikuwa nimemwona mzee akikimbia.

Hakuna mwanga ulioniangukia. Nilitoka hospitali, nikanunua Biblia ya kwangu, nikaanza kuisoma bila kalamu. Ni kazi ngumu kuliko inavyosikika. Hadi leo kidole cha shahada kinajikunja chenyewe kinapoona mkato umewekwa vibaya. Lakini nilisoma, na miezi mitatu baadaye nikaenda kanisani nikaomba kubatizwa, nikiwa na umri wa miaka sitini na tisa.

Darasa letu lina watu kumi na mmoja. Mwalimu wetu ni katekista aitwaye Mama Driciru, ambaye siku za soko huuza dagaa huko Inde na jioni hutufundisha akiwa bado ananukia biashara yake. Anasoma polepole, kidole chini ya kila neno, lakini aliyoyasoma hayamtoki. Mwezi wa kwanza nilimsahihisha mara mbili mbele ya darasa kuhusu majina ya wafalme. Mara ya tatu alifunga kitabu.

"Mzee," alisema, "wewe nasoma Neno kama polisi ya barabara. Nasimamisha kila gari, natafuta kosa. Siku moja wacha gari ipite, uone iko nabeba nani."

Darasa lilicheka. Niliudhika siku mbili nzima, kisha nikaona amesema kweli, na hilo likaniudhi zaidi.

Kanisa hili lina desturi yake. Kabla ya Pasaka kila anayetaka kubatizwa husimama na kumtaja mtu asiyepatana naye. Halafu humwendea mtu huyo na kurudi na neno la amani lililotoka kinywani mwake, mbele ya shahidi. Bila neno hilo, jina haliandikwi kwa kalamu katika daftari la ubatizo. Linakaa kwa penseli. Wenzangu walitaja ugomvi wa kawaida: mbuzi aliyekula mihogo ya jirani, wifi, deni lisilolipwa. Binti mmoja alileta neno la amani saa ile ile, kwa kuwa aliyegombana naye alikuwa ameketi naye benchi moja.

Ilipofika zamu yangu nikasema nina ndugu Dranya.

"Iko hai?" akauliza Mama Driciru.

"Yeye yuko hai. Aliyekufa ni mimi."

Walicheka tena. Sikuwa natania.

Vita vilipotutoa Koboko, nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Njiani tuligawanyika. Mama alimshika Lomoro, aliyekuwa na kumi na minane, wakaingia Kongo. Mimi nilikimbia na vijana wengine kuelekea Sudani. Tulidhani ni wiki mbili. Miaka sita baadaye wao walirudi Dranya. Mimi wakati huo nilikuwa Nairobi, na nilijua wamerudi. Hili sijawahi kuliandika. Mfanyabiashara mmoja wa Koboko alinikuta mjini akaniambia, "Mama yako iko nyumbani, andika barua, mimi nabeba." Nikamwambia aje kesho. Alikuja, nikamwambia kesho. Nilitaka kwanza nipate jambo la kuandika: cheo, nyumba, mke, chochote ambacho kingefanya miaka ile isionekane bure. Yule bwana alirudi Koboko mikono mitupu, nikiwa nimemsihi asiseme ameniona mpaka barua iwe tayari. Nilisahihisha maelfu ya kurasa za watu wengine na sikuandika ukurasa mmoja kwa mama yangu.

Baadaye mtu kutoka Juba alifika Dranya akasema aliniona nikizikwa. Hakuwa mwongo, nadhani. Alimwona mtu fulani akizikwa. Kwetu mtu akifia mbali na mwili usipatikane, huzikwa kitu chake ili roho ijue pa kulala. Changu kilikuwa kimoja tu: sanduku la bati la vitabu nililoliacha siku ya kukimbia. Lomoro alikuwa amelibeba kichwani hadi Kongo, akalitunza kambini miaka sita, akalibeba kichwani kurudi. Wakalizika. Kaburi la urefu wangu, msalaba, matanga, kila kitu kama inavyopasa. Mama aliishi miaka sita zaidi, akafa akijua kwamba mwanawe mkubwa yuko pale uani.

Niliposikia mama amefariki nilipata namba ya simu ya Lomoro, nikampigia. Aliniuliza jina langu mara mbili. Kisha akanieleza sheria ya wazee wa ukoo: aliyezikwa hapiti langoni mpaka siku kaburi lake litakapofunguliwa, atoe kilichomo kwa mikono yake mwenyewe, na kondoo achinjwe. Akiingia huku kaburi limefungwa, mauti itatafuta mtu wa kulijaza.

Nikasema, basi tulifungue.

Akasema, "Bado."

Nilipiga mwaka uliofuata. Bado. Nilistaafu, nikahamia hapa Arua miaka mitatu iliyopita, nikapanga chumba mwendo wa saa moja na kidogo kutoka kwake. Bado. Kwa miaka yote hiyo neno hilo nililisoma kwa maana moja: chuki.

Nilipomweleza Mama Driciru, habari ya kondoo haikumpendeza. "Damu ilimwagika mara moja, basi. Mutu ya ubatizo hapana rudi kwa kondoo ya wazee." Kwa hiyo nilimpigia Lomoro kwamba naja, na Jumamosi nikaenda nikiwa nimejiandaa kwa mjadala. Nilikuwa na aya tatu kichwani za kumwonyesha Lomoro kwamba kondoo si lazima, na habari ya baba mwenye wana wawili kama nyundo ya mwisho. Nilivaa koti. Nilikuwa mwanafunzi wa imani wa miezi sita na nilikuwa nakwenda kumfundisha mtu aliyebatizwa akiwa mtoto.

Nilishuka Koboko, nikachukua bodaboda hadi Dranya. Njia ilikuwa imepanuliwa, nisingeijua. Kilima nilikijua.

Lomoro alikuwa ameketi nje ya ua wake, kando ya njia, na mbele yake palikuwa na kiti kitupu. Amekonda. Ana masikio ya baba. Hakusimama haraka, alinitazama kuanzia viatu hadi kofia, kama anayekagua mzigo uliochelewa kufika.

"Maiti nazeeka," alisema.

"Hata wewe," nikasema.

"Mimi iko na sababu. Mimi nafanya kazi."

Tulizungumza Kiswahili kile cha kambini, kile ambacho baba alitufundisha kwa kelele, na ambacho nilikuwa nimesahau kwamba ndicho lugha yangu ya kwanza ya kugombana. Mke wake, shemeji yangu Keji, ambaye sikuwahi kumwona, alinipitishia juu ya ua sahani ya ugali wa muhogo na majani ya kunde yaliyopikwa kwa simsim. Alinipa mkono kwa aibu, ua ukiwa katikati yetu.

"Maiti iko na njaa?" Lomoro akauliza.

"Kidogo."

"Mpe mingi, Keji. Huyu hapana kula toka siku ya matanga."

Keji aliziba mdomo kwa kitenge. Nilicheka mimi pia, na ugali ukanipalia, na Lomoro akanipiga mgongoni. Ndivyo alivyonigusa kwa mara ya kwanza baada ya miaka arobaini na sita.

Kisha nikaharibu. Nilitoa aya zangu. Nilimsimulia habari ya wana wawili, nikaisimulia vizuri, hata mbio za mzee nikaziweka, na nilipofika pale baba anaposema mwanawe alikuwa amekufa naye sasa yu hai, nilinyamaza ili neno lifanye kazi yake.

Lomoro alikuwa akichokonoa ardhi kwa kijiti.

"Na yule ingine?" akauliza. "Yule ya shamba. Aliingia kwa karamu?"

"Haikuandikwa."

"Namna gani haikuandikwa?"

"Baba anatoka nje, anamsihi. Habari inaishia hapo."

"Wewe nasoma vitabu maisha yote," alisema, "na hujui kama aliingia?" Akatupa kijiti. "Mukubwa ni wewe, Wani. Lakini kazi ya mukubwa nilifanya mimi. Sanduku yako nilibeba kwa kichwa mpaka Kongo. Nilifikiri iko dhahabu. Kule kambini nafungua, naona kamusi!"

Ndipo nikasema lile baya. Nikamwambia kwamba kama ana kinyongo angesema wazi, kuliko kunipa "bado" moja kwa miaka ishirini kama ofisa wa serikali.

Alisimama. Nilidhani ananifukuza. Alinishika mkono akanipeleka hatua chache kando ya ua, mahali miti ya ua imeachana, akasema, "Tazama."

Nilitazama kati ya miti. Palikuwa na bamba moja la saruji, pana kama kitanda cha watu wawili, limefagiwa. Misalaba miwili. Mmoja wa mama. Mwingine wangu. Jina langu limeandikwa kamili, la baba pia, bila kosa hata la herufi moja. Nilikagua. Mungu anisamehe, nilikagua.

"Mama alisema azikwe karibu kabisa na wewe," Lomoro alisema nyuma yangu. "Alisema, mimi nilimwacha mara moja kwa njia, simwachi mara ya pili. Sawa. Tukachimba karibu. Siku ile saruji iko kwa toroli, tayari, na mvua nakuja. Mimi nikamwaga moja tu. Juu ya nyinyi wawili." Alinionyesha kwa kiganja, kama anavyosawazisha. "Sikufikiri. Wewe ulikuwa maiti. Maiti hapana piga simu."

Basi. Ili kunitoa mimi, lazima avunjwe mama.

Hiyo ndiyo "bado". Hakuwa na chuki. Alikuwa amekaa miaka ishirini kati ya wazee wa ukoo na simu yangu, akiilinda saruji aliyoimwaga kwa mkono wake.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikwambie nini? Mutu ya vitabu. Ungesema, vunja, tutajenga ingine mpya, nzuri. Si ungesema?"

Ningesema. Maneno hayo hayo. Labda ningeongeza na michoro.

Tulirudi kwenye viti. Nilimweleza habari ya darasa, daftari, kalamu na penseli. Alisikiliza, akamwita Keji asogee karibu na ua awe shahidi, akavua kofia. "Ambia huyo mama ya kanisa: Lomoro hapana ugomvi na mukubwa yake. Imekwisha. Lakini mukubwa akae inje." Kisha akanisindikiza hadi barabarani, ameshika mkono wangu kama alivyokuwa akiushika tukienda shule ya kambini, vidole viwili tu. Yote hayo yalichukua saa mbili. Nilirudi Arua nikiamini nimepata nilichotumwa.

Leo mchana nilimpelekea Mama Driciru neno lile. Alisikiliza yote. Alifuta macho kwa ncha ya kitambaa cha kichwa. Kisha akasema haitoshi.

"Amani ya inje ya boma hapana amani, Mzee. Iko nusu. Alhamisi tunakwenda wote, darasa yote, na ngoma. Tunaingiza wewe kwa mulango na wimbo. Hapana kondoo, hapana kuvunja kitu. Yesu alifungua kaburi, hapana omba ruhusa ya wazee."

Ni hoja nzuri. Kama ningeisahihisha ningeiacha ilivyo. Na nitakiri kwamba kwa dakika moja nilijiona napita lile lango katikati ya nyimbo, na moyo wangu ulikimbia kama yule mzee.

Lakini Jumamosi, nilipokuwa napanda bodaboda, nilikuwa nimemuuliza Lomoro kama yeye mwenyewe anaamini habari ya mauti kutafuta mtu. Alinijibu, "Mimi hapana amini. Lakini hapa ndani iko wajukuu saba. Mutoto moja akifa, na malaria tu, wazee watauliza mimi. Hapana uliza Yesu."

Nilimwambia Mama Driciru hayo. Nilimwambia wimbo utaimbwa Alhamisi na sisi tutarudi Arua, na Lomoro atabaki na kila homa ya mtoto ikiwa na jina lake. Alibeba sanduku langu, alinizika, alimzika mama, na sasa nimwongezee na imani yangu aibebe kichwani?

"Imani iko na gharama," alisema.

"Ndiyo. Lakini yangu, si yake."

Sidhani kama yeye ni mtu mgumu. Ana sheria moja na ameilinda kwa uaminifu dhidi ya watu wenye maneno mengi kuliko mimi, na akiilegeza kwangu, mwakani wote watapatana kwa kupungiana mikono kutoka ng'ambo ya barabara. Najua hayo yote. Sikupungukiwa na hasira kwa kuyajua.

"Basi Pasaka hii hapana," alisema hatimaye. "Kitambaa nyeupe yako nitaweka. Jina iko palepale. Kwa penseli."

Nilitembea hadi nyumbani bila kuingia dukani, ingawa sina sukari.

Sikujua kwamba niliitaka hivi. Nilidhani nilikuwa naufuata ubatizo kama mzee anavyofuata jambo lililobaki kwenye orodha. Sasa nimeketi hapa naona wivu juu ya wenzangu kumi watakaosimama Jumapili wakiwa wamelowa maji, na wivu huo una uchungu wa kitoto. Kama hii ndiyo imani, hakuna aliyenionya kwamba inaanza kwa kukosa.

Nimeifungua tena ile habari baada ya chakula. Nilitaka kuigombeza. Nilitaka kuandika pembeni, kwa kalamu nyekundu: Sentensi ya mwisho imekosekana, je, aliingia? Yule mkulima wa Lurujo alinionyesha mzee akikimbia, Lomoro akanionyesha shimo la mwishoni, na mimi msahihishaji wa miaka ishirini na saba sikuwa nimeona hata kimoja. Nikasoma tena polepole, kidole chini ya kila neno, kama Mama Driciru.

Mzee anatoka mara mbili. Mara ya kwanza anakimbia, mara ya pili anatoka kumsihi aliyekataa kuingia. Karamu iko ndani, nyama iko ndani, ngoma iko ndani, na mwenye nyumba yuko nje gizani anazungumza na mtu aliyenuna. Haikuandikwa kama yule mwana aliingia. Wala haikuandikwa kama baba alirudi ndani bila yeye.

Hapo nikakumbuka jambo ambalo Jumamosi nililiona bila kuliona. Viti vilikuwa viwili, na vyote viwili vilikuwa nje ya ua. Lomoro hakuniweka nje yeye akakaa ndani. Alitoka na kiti chake.

Sijui niifanyie nini habari hiyo. Hainifariji kama inavyopaswa. Ningependa kuwa ndani ya ua. Ningependa kupita langoni, kuketi karibu na bamba lile, kumwambia mama mwenyewe kwamba nilikutana na yule mfanyabiashara na nikamwambia kesho. Badala yake nina penseli. Matone mawili yamepiga bati sasa hivi, mawili tu, na jirani ametoka tena na masufuria.

Nitaendelea na darasa. Nitaketi benchi ya nyuma Jumapili na kuwatazama wenzangu. Nitampigia Lomoro simu kila Jumamosi, na akitaka kuja Arua nina viti viwili. Nitasoma bila kalamu. Mtakaponizika, nizikeni hapa mjini, bila sanduku, na mtu yeyote asiguse saruji ya mama ili kunirudisha nyumbani.

Sitarudi Dranya.